Bakuli la Asali

Rael alikuwa amepanga kila kitu kwenye ubao: vipande vya papai, ndizi, njugu, jibini, na katikati bakuli la asali. Wazazi wa Oliver, mchumba wake, walikuwa wameshafika Migori kutoka Homa Bay. Ndipo Gisiri, baba mdogo wa Rael, akachovya kidole katika asali, akakilamba kwa sauti, kisha akachovya tena.

Rael hakuweza kumkemea mzee. Kuwalisha wakwe mate yake, pia hakuweza.

"Tamu," Gisiri alisema, masharubu yakinata.

Hodi ikasikika mlangoni. Rael akaliondoa bakuli ubaoni, akampa Gisiri kwa mikono miwili.

"Hii yote ni yako, baba."

Gisiri akawageukia wageni waliokuwa wakiingia, akitabasamu. "Huyu mtoto ana heshima kweli."