Uboho Ulionyamaza

Damu ya mtu nisiyemjua inadondoka kwenye mrija na kuingia mkononi mwangu, na maneno ya Daktari Mshana bado yananigonga kichwani: uboho wa mifupa yako umeacha kutengeneza damu, Namsifu. Mimi niliyekuja kwa sababu ya fizi zinazovuja na pumzi inayokatika katikati ya wimbo, kwaya nzima ikinitazama, nilidhani nitapewa vidonge vya kuongeza damu nirudi nyumbani. Akauliza ninameza dawa gani, nikamtajia ile ya presha niliyoanza mwaka jana. Akasema inawezekana ndiyo hiyo, ingawa ni nadra sana, na inawezekana siyo. Nabaki na hilo neno, inawezekana, macho yananiwia mazito, dada yangu Nakiete ananivutia shuka mabegani, na kitanda kinaniachia.

Niko kwenye barabara nyeupe isiyo na mwisho, na kila ninapokanyaga inalia kama kitu kilicho kitupu ndani. Pembeni yangu anatembea mtu asiye na uso, pale pa macho na mdomo pana ngozi tu, ila sauti anayo. Namuuliza hapa ni wapi. Hapa ndipo ulipo siku zote, anasema, na hujawahi kufika. Barabara inajikunja inakuwa mji, mji unajikunja unakuwa mji mwingine unaofanana nao, milango yote iko wazi, ndani hakuna mtu, majiko yamepoa, na naelewa bila kuambiwa kwamba humu ndimo damu yangu ilimokuwa ikipikwa. Nauliza ni nani aliyewafukuza wapishi. Ananijibu, aliyeingia kukulinda, au mwingine. Namwambia nataka jibu moja. Basi vidonge vya presha vimo kiganjani mwangu, sijui vimefikaje, nainua mkono nivitupe vyote, na mama anatokea mlangoni, mama yangu aliyeanguka jikoni kwa kiharusi, presha yake haikuwahi kupimwa hata mara moja, na upande mmoja wa mdomo wake bado umelegea. Mwanangu, ananiambia taratibu, usije huku kwa njia yangu. Namuuliza, na hii njia nyingine, ya vidonge, je, mama? Muulize daktari aliyekupa, anasema, usijiamulie peke yako. Nasimama nimeduwaa, mkono uko juu, sikuwahi kufikiri kwamba kifo kinaweza kuniita kutoka pande mbili kwa wakati mmoja. Nataka kumshika, mji unageuka, nauona mgongo wake, kisha hata mgongo haupo.

Nafumbua macho, jua limejaa wodini, na Nakiete yuko kitini. Ananieleza kwamba daktari amesimamisha ile dawa na kuniandikia nyingine ya presha, na kwamba yeye, kama dada yangu, ameshatolewa damu ya kupima kama uboho wake utanifaa. Namwambia mama alikuwa hapa. Anasema, hata mimi nimemsikia.

Nanyoosha mkono, naupapasa uso wake, nyusi, pua, midomo, vyote vipo, vina joto. Ananiuliza natafuta nini. Mkono siuondoi, maana sijui nikiuondoa nitaona nini.