Mwili wa Kuonyesha Watu

...na baridi ya hii jeli kifuani, halafu ananiambia tulia mama, usiongee, utadhani moyo unatulia kwa kuambiwa, wangu umeshazoea kwenda unavyotaka, unapiga haraka haraka, unasita, unakumbuka, unapiga tena, hivi hivi ulifanya siku ya mnada nimeshika sufuria ya supu, nikakaa chini, wateja wakadhani nimechoka tu... huyu nesi Benedikta ana mikono myepesi, alinipa shikamoo vizuri kabla ya kunifungua gauni, sasa nyaya na vikombe vya kunyonya ngozi kifuani, vibano mikononi na miguuni, nimelazwa hapa hospitali ya Haydom kama mbuzi wa sikukuu, kimashine kinatoa karatasi, krr, krr, Daktari Gidion anaiangalia, anamnong'oneza nesi, nimesikia "hayana mpangilio", ni mapigo yangu hayo, alishanieleza asubuhi, moyo ukienda hivi damu inatuama, inaganda, bonge linaweza kupanda kichwani ukapooza upande mmoja, dawa utakunywa, lakini presha, unene, na sukari yako iliyoanza kupanda, vyote vinausumbua moyo, "Ni lazima upungue, mama," na siyo wewe peke yako, dunia nzima wagonjwa wa namna hii wanaongezeka... sawa, dunia nzima, lakini dunia nzima haiishi Katesh. Nipungue. Anajua anachoniomba? Bashiri wangu alipungua, mume aliyekuwa anajaza mlango, akaanza kunywa maji jagi kwa jagi, kila saa chooni, suruali akazifunga kwa kamba, na Katesh ikatoa hukumu kabla ya daktari yeyote, hata tulipoambiwa ni sukari, imechelewa kujulikana, nani alisikiliza, miaka ile mtu akikonda ugonjwa ulikuwa mmoja tu, walikuja msibani wakanipa mkono kwa ncha za vidole, macho kwenye mashavu yangu, kisha wakaacha kula mgahawani kwangu, vikombe vikakaa vimefunikwa siku nzima... nikasema nitawaonyesha. Nikala. Siyo kwa njaa, kwa hasira, mimi niliyepanga foleni ya sukari ya kupimiwa pale ushirika nikiwa msichana, sasa maduka yamefunguliwa yamejaa, mafuta ya madumu, soda kreti kwa kreti, hata mkoa wetu wenyewe tukapewa, wageni stendi hawaishi, nami nikakaa mlangoni pa mgahawa nanywa chai ya vijiko vitano, makusudi, wanione, chapati ya kuchuruzika, nyama ya mnada, hata kwenda kazini kwa pikipiki, na nilivyonenepa ndivyo wateja walivyorudi, jirani yangu Sada wa duka la kanga akanishika huu mkono, akaubonyeza, akasema, "Sasa umependeza, mama Musa. Tulikuwa na wasiwasi na wewe," nikafurahi, jamani, nilifurahi mpaka nikamwongezea andazi... usitikisike mama, anasema nesi, mimi sijatikisika, ni Bashiri amenijia, siku zile za mwisho, midomo imekauka, nje nasikia wanacheka kwenye benchi langu, nikataka kutoka niwatukane, akanishika, "Waache. Niletee maji"... maji tu. Hakuniomba nimsafishie jina, aliniomba maji, na mimi miaka yote hii nimekaa mlangoni kumsafishia jina kwa sukari, sukari ile ile iliyomchukua, kijiko kwa kijiko, mbele ya watu... oh, Bashiri. Na nikipooza nani atanigeuza kitandani, Sada? Sada atakuja, ataangalia mashavu, atakwenda zake, atakayenigeuza ni Musa na mkewe, Musa aliyekaa hapo nje kwenye benchi ameshika viatu vyangu tangu tuteremke basi... krr, krr... basi nitakonda. Mchana kweupe, pale pale mlangoni, na kikombe cha chai isiyo na sukari, nitatembea kwa miguu nikipita mbele ya duka la Sada kila siku, wajionee gauni linavyoning'inia, waanze kunihesabia siku zao hizo, na atakayeuliza nitamwambia ni moyo, na ni sukari, kama ya Bashiri, safari hii watasikia, maana nitakuwa hai wa kuwaambia kesho yake tena... kikombe kimoja kifuani kinataka kubanduka, Benedikta anakirudisha, baridi tena, bado kidogo mama, tulia... nimetulia, mwanangu, ni moyo tu ndio bado.