Saa za Chini ya Benchi

Jioni hiyo mfagizi wa ofisi ya maji alikuwa na homa, kwa hiyo Mama Pacha wa dirisha la pili alishika ufagio mwenyewe. Alifagia maganda ya karanga, tiketi za foleni zilizofinyangwa kwa hasira, na soksi moja ya mtoto. Chini ya benchi la mbele ufagio ulikwama kwenye kitu laini. Aliinama akakivuta. Ilikuwa saa nzima ya kungoja, bado ina joto la mtu aliyeikalia. Aliikung'uta vumbi, akaikunja, akaitia mkobani kati ya miwani na funguo, kisha akafunga ofisi akaenda zake nyumbani.

Muda ndicho kitu alichokosa kuliko vyote. Nyuma ya nyumba, bandani, ilikuwapo pikipiki ya baba yake, mzee aliyekuwa tarishi, aliyesambaza barua za watu kwa pikipiki hiyo hadi miguu yake ilipogoma. Mama Pacha aliifumua wakati wa likizo, akatandaza vipande vyake juu ya magazeti, na tangu hapo vilikuwa vinamtazama tu. Asubuhi kulikuwa na uji wa pacha na sare za pacha. Mchana kulikuwa na dirisha la pili. Jioni kulikuwa na vyombo, kazi za shule na nguo za kuanua, na mtu hakupata hata nafasi ya kujikuna. Mumewe, Baba Pacha, alikanda mikate zamu ya usiku, kwa hiyo wawili hao walipishana mlangoni wakaachiana maagizo. Hakuwa mtu mbaya, Baba Pacha. Hakuwa na muda wa kuwa mbaya.

Na haraka ilikuwapo, kwa sababu masikio ya mzee yalikuwa yanaziba. La kushoto lilikwisha kabisa, la kulia lilibaki nusu, na daktari alisema dawa hakuna. "Hawa watoto siku hizi wanaongea wakiwa chumba cha pili," mzee alilalamika, na pacha wote wawili wamemkalia mapajani. Alikuwa amemwomba binti yake jambo moja tu: aisikie pikipiki yake ikiunguruma kabla sikio la kulia halijafuata la kushoto. Alisema mara moja, hakurudia, na kule kutorudia ndiko kulikomkosesha Mama Pacha raha.

"Nimeokota saa kazini," alimwambia mumewe, aliyekuwa anakatakata vitunguu kabla ya kwenda zamu.

"Ya nani?"

"Sijui. Ilikuwa chini ya benchi."

"Mrudishie mwenyewe."

"Nitamjuaje, Baba Pacha? Pale wanakaa watu chungu nzima."

Baba Pacha alifikiri, kisu kikiwa hewani. "Basi itumie kabla haijachacha."

Mama Pacha aliingia bandani akaikunjua. Sufuria ikanyamaza jikoni. Pacha, waliokuwa wanagombania penseli, walikatika katikati ya neno. Yeye akafungua kabureta, akapuliza vijitundu vyake kimoja kimoja, akaisugua kwa mswaki mkuukuu mpaka shaba ikaonekana. Saa ilipokwisha, pacha walimalizia neno lao, ambalo lilikuwa neno baya, na vitunguu ndiyo kwanza vikaingia kwenye mafuta.

Basi akawa anabaki ofisini kila jioni. Mfagizi alipopona alikuta chini ya mabenchi kumeshafagiwa, naye hakuuliza. Nani anauliza akipunguziwa kazi?

Mama Pacha alikuwa mdadisi tangu utotoni, na jambo hili lilimnogea. Aligundua kwamba saa za karibu na mlango ni fupifupi na zina kingo zilizochanika, kwa sababu wanaokaa hapo hutoka nje kuchungulia, wakarudi, wakatoka tena. Za wazazi wenye watoto wachanga zilikuwa na matundu. Za vijana zilikuwa nyepesi mno, ukiikunjua moja, inakwisha hata boliti hujamaliza kulegeza. Saa nzuri kuliko zote, pana na nzito, zilikuwa za wazee. Aligundua pia kwamba kila saa inakuja na chochote cha mwenyewe. Moja ilimtia mdomoni wimbo wa kubembeleza mtoto ambao hakuwahi kuujua. Nyingine ilimpa njaa kali, akapiga msasa tangi huku tumbo likimnguruma. Na zile za kona ya ukutani, ambazo alizipenda kwa sababu hazikuisha upesi, kila mara zilimtia maumivu ya goti la kulia.

Siku moja aliitwa dirishani bibi mmoja aliyekula chumvi nyingi. Alitoka kona ya ukutani, akainuka kwa kuushika ukuta, mkono mwingine ukiwa juu ya goti.

"Pole na goti, bibi," alisema Mama Pacha.

"Umejuaje kama ni goti na si mgongo?"

"Jana nilikuwa nalo mimi."

Bibi alimtazama kupitia kioo, akatikisa kichwa kwa kuelewa. "Kumbe wewe ndiye unayeziokota. Ulizifanyia nini?"

"Nilisafisha kabureta ya pikipiki. Nyingine nikanyoosha spoku."

"Afadhali zimefanya kazi. Kwangu zilikuwa zinakaa tu."

"Ungekuwa na hiyo saa, bibi, ungeifanyia nini?"

"Ningekwenda kumwona dada yangu. Amelazwa. Geti la wodi hufunguliwa alasiri, na nikitoka hapa nakuta limefungwa. Nasimama barabarani namwangalia dirishani, lakini sijui kama dirisha ni lenyewe."

Bibi huyo alikuwa amekatiwa maji kimakosa. Kilichotakiwa ni muhuri wa mkuu wa ofisi, na mkuu alikuwa kikaoni. Mama Pacha alimwambia arudi kesho, kwa sababu ndivyo watu walivyoambiwa.

Lakini usiku usingizi ulimpaa. Roho ilimsuta kweli kweli. Kesho yake aliingia kazini amekunja mikono ya blauzi. Alihudumia watu chapuchapu, alikimbiza karatasi mwenyewe hadi kwa mkuu, aligongewa mihuri akiwa amesimama. Mwenzake wa dirisha la kwanza, kijana ambaye jiji zima lilimwita Ngoja Kidogo, alimtazama kwa masikitiko kama anayemwona mtu akiugua. Kufika adhuhuri mabenchi yalikuwa matupu. Bibi wa goti hakuja siku hiyo wala iliyofuata; labda goti lilimgomea.

Mkuu wa ofisi alitoka chumbani kwake, akasikia mwangwi wa viatu vyake mwenyewe.

"Mama Pacha, watu wako wapi?"

"Wamekwenda nyumbani, bosi. Shida zao zimekwisha."

"Wote?" Aliyaangalia mabenchi kwa hofu. "Makao makuu wakipita hapa wakakuta hivi, wataniuliza sisi ni wa nini. Fanya kazi, sikukatazi. Lakini usifanye hivyo."

Jioni chini ya mabenchi hakukuwa na kitu ila maganda. Kesho yake vilevile. Vipande vilibaki juu ya magazeti: pistoni, ringi zake mpya, cheni iliyolowekwa kwenye mafuta. Nyumbani mzee alikaa mezani akitabasamu pasipostahili kutabasamu. Mmoja wa pacha alimwuliza kama anataka chai, akajibu kwamba ndiyo, mvua itanyesha. Pacha walicheka mpaka wakaanguka. Mama Pacha alikwenda jikoni akalia huku anaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Alhamisi alichelewa kufungua dirisha. Si sana. Alipanga kalamu, akazipangua. Alikwenda kunywa chai, akarudi, akakumbuka hajanawa, akaondoka tena. Ngoja Kidogo alimpokea kwa tabasamu la ndugu aliyerudi nyumbani, na mkuu alipita akamsalimia kwa upole. Watu walijaa mpaka barazani. Bibi wa goti alikuwa kwenye kona yake tangu asubuhi, kitambulisho mkononi. Mama Pacha angeweza kumwita wa kwanza. Muhuri ulikuwa mezani kwake, mkuu alikuwa ameuacha hapo makusudi asisumbuliwe. Alimwita mwanamume mwenye kofia, kisha msichana mwenye vitabu, kisha akapumzika.

Wakati wa kufunga, wengine walitoka wakinung'unika. Bibi alibaki. Aliinama kwa shida, akavuta saa yake kutoka chini ya benchi, akaikunja pembe kwa pembe, akaileta dirishani.

"Chukua," alisema. "Usije ukaumia mgongo kuinama."

Mama Pacha alipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, bibi. Njoo Jumatatu, nitakuhudumia."

"Haya, mwanangu."

Kwa saa ile na nyingine za siku hiyo alivalisha ringi, akaifunga silinda, akakaza cheni. Goti lilimuuma mno hata akafanya kazi amekaa chini. Jumamosi asubuhi, katika muda wa kawaida, wa watu wote, walimtoa mzee na kiti chake mpaka bandani. Baba Pacha alikuwa amekesha, unga ungali kwenye nyusi, lakini alisimama. Mama Pacha alipiga kiki. Pikipiki ilikohoa. Akapiga tena, ikawaka.

Mzee aliinamisha kichwa, akaelekeza sikio la kulia kwenye injini, akafumba macho.

"Valvu moja inagonga," alisema mwishowe. "Iliniudhi miaka yote. Usiiguse."

Mama Pacha alifurahi kuliko siku zote alizozikumbuka, akamkumbatia baba yake shingoni.

"Muda umeupata wapi, mwanangu, na mizigo yote hii?"

"Kazini, baba!" alimpigia kelele sikioni.

"Kazi nzuri hiyo," alisema mzee kwa sauti kubwa ya asiyejisikia, na majirani wote wakasikia. "Ishike sana."

Jumatatu bibi wa goti alikuja wakati wa chai. Mama Pacha alimwita kabla hata hajakaa, akaubonyeza muhuri kwenye karatasi, yakawa yamekwisha. Maji yake yangefunguliwa siku hiyohiyo. Ilikuwa kazi ya kupiga chafya mara moja.

"Sasa utamuwahi dada, bibi."

"Tulimzika jana," alisema bibi. "Lakini ahsante."

Hakuondoka. Alirudi kwenye kona ya ukutani akakaa, akaishika karatasi yake mapajani, akawatazama watu wakiitwa na wasioitwa. Geti la wodi lilifunguliwa huko liliko, likafungwa, naye bado amekaa. Jioni aliinuka kwa kuushika ukuta, akaaga kwa adabu, akatoka.

Mama Pacha alichukua ufagio. Chini ya benchi la kona kulikuwa na alasiri nzima, pana, haina tundu wala mchaniko. Ngoja Kidogo alimshikia upande mmoja, wakaikunja pamoja.