Sauna ya Nyuzi Sabini

Baba mkwe wangu, Jalmari, alipopasuliwa mgongo, daktari alimkataza kupasua kuni za sauna. Yeye akanunua shoka jipya. Ndipo mimi Sirkku, mhandisi wa familia na bingwa wa kujipendekeza, nikamfungia jiko la umeme kwenye sauna yake ya ziwani, kile chumba cha mbao cha kuogea mvuke, pamoja na kidude changu cha kulizima joto likifika nyuzi sabini. Alishaapa kwamba miaka arobaini yeye ni mtu wa nyuzi sabini.

"Bibi mhandisi," alisema, "kikiniangusha Jumamosi, Jumapili nashika shoka."

Mgongo wa mzee ukawa mikononi mwangu.

Kipimajoto nilichonunua hutoa umeme hadi volti tano. Chipu ya kidude inayokisoma haivumilii zaidi ya tatu na ushee; ukiipa tano inakufa. Nikaweka rezista mbili za kupunguza umeme, kila volti tatu zikafika zikiwa mbili. Chipu yenyewe bei yake haizidi kikombe cha kahawa, ila niliilinda kama yai.

Jumamosi tukaingia watatu. Mzee akayamwagia maji mawe ya moto juu ya jiko, mvuke ukatuuma masikio. Mume wangu Veikko akakumbuka soseji zake huko nje, akatoka mbio. Mimi na mzee tukabaki. Kwetu anayetoka mwisho hasifiwi, lakini anayetoka kwanza hasahauliki. Kioo cha kidude kilisoma sitini na tisa. Nilitamani kulia kwa joto.

Hatimaye tukatoka pamoja, bega kwa bega, tukajitosa ziwani.

"Miaka sita sijapata sauna kama hii!" mzee alisema. "Kidude kibaki. Shoka nampa jirani."

Lakini sabini gani inaunguza vile? Nikachukua kipimajoto chake cha zamani bandani, nikakitundika ndani. Mia na tano! Kwenye nyaya nilipunguza, kwenye programu nikasahau kurudisha nilichopunguza, kwa hiyo mia na tano ilisomeka sabini. Nilikuwa nimeikinga chipu, nikampika mkwe.

Nilirekebisha kimyakimya. Jumamosi iliyofuata sabini ilikuwa sabini kweli. Mzee alikaa dakika tano, akavaa.

"Kimeharibika. Mambo ya umeme ndiyo haya." Akashika njia ya kwa jirani.

"Baba, shoka la nini? Nipe dakika kumi nikitengeneze!"

Ningeweza kuandika mia na tano waziwazi kwenye kioo, lakini nani angemwambia mtu wa sabini kwamba yeye ni wa mia na tano? Nikalirudisha kosa langu kwa mikono yangu mwenyewe. Mzee alipoingia tena, alicheka kwa raha.

"Umeona? Sabini ndiyo hii!"

Tangu hapo mgongo wake ni mzima na mimi ndiye mkwe anayependwa. Juzi, tukiwa wawili juu pale kwenye benchi la sauna, ngozi zikiwaka, akaninong'oneza:

"Mwanangu, kwani wewe huwa unasubiri nini kutoka?"

"Nakusubiri wewe, baba."

"Loo! Na mimi miezi yote hii nakusubiri wewe."

Tukautazama mlango. Hakuna aliyeinuka.