Aliyekula Kabla ya Marehemu

Mume wangu Takyo hutengeneza cherehani, na kazi hiyo humwingiza majumbani mwa watu. Ukimwita, kabla hajauliza chombo kina shida gani, atanusa. Akikuta unakaanga nyama ya nguruwe, ile ya kukaangwa mpaka ngozi inalia ukiigonga, kazi ya dakika chache itafika adhuhuri. Akikuta uji wa mgonjwa, cherehani itapona papo hapo naye huyo, kashika njia. Hapa Batac, kaskazini mwa Ufilipino, wanawake humwogopa na kumpenda kwa sababu hiyo hiyo. Anajua siki ya nani imekaa sana mtungini, na nani kaweka majani ya mlonge mapema mno sufuriani. Husema wazi, halafu huomba aongezewe.

Mimi nilimzoea. Nikimuudhi mchana, namkasirikia jioni, kisha nampikia karela na bilinganya kwa samaki wa kuvundikwa, yanaisha. Sikuwahi kudhani siku moja nitamtengea chakula nikiwa natetemeka.

Mwaka ule, baridi ya Desemba ilipoanza, jirani yetu Manong Crispulo, au Pulo kwa kifupi, alifariki; Manong ndivyo tunavyomwita mwanamume aliyetuzidi umri, na mwanamke tunamwita Manang. Alikuwa mchuuzi wa vitunguu saumu, mzee mpole, mwembamba. Alikaa barazani kufunga kamba za viatu, hakuinuka tena. Tulimzika, tukamwombea siku zote zipasazo, na siku ya mwisho mjane wake, Manang Felicing, akaandaa atang, chakula cha kumtengea marehemu. Aliweka meza ndogo mbele ya picha ya mumewe, juu yake wali, yai la kuchemsha, glasi ya pombe ya miwa, tumbaku aliyoipenda, na keki za mchele wa kunata zilizochomwa ndani ya majani ya mgomba. Marehemu hula kwanza. Mshumaa ukizimika, ndipo walio hai hugawana.

Mshumaa ulikuwa bado unawaka. Wanawake tulikuwa tunabeba masufuria kutoka jikoni, nikamwona Takyo ananyoosha mkono.

"Takyo! We! Una wazimu?"

"Moja tu. Manong Pulo hakuninyima akiwa hai, ataninyima leo?"

Akabandua jani, akauma. Nikaona taya zinapunguza mwendo, kisha zikasimama.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Wamesahau sukari," akanong'ona. "Na nazi. Nining, hii haina kitu."

Nilimfinya akanyamaza. Baadaye, mshumaa ulipozimika, mimi nami nilipewa keki iliyochomwa kwenye moto ule ule. Ilikuwa tamu mpaka meno yaliniuma.

Kesho yake nilipika mlenda kwa samaki wa kuchoma. Takyo akatia kijiko mdomoni, akaniangalia kwa huruma.

"Chumvi imeisha nyumbani?"

"Chumvi ipo. Ulimi wako ndio umeisha."

Akasukuma sahani upande wangu. Nilionja ili nimcheke. Haki ya Mungu sikucheka. Sahani yangu na yake zilitoka sufuria moja, nimepakua kwa upawa mmoja. Yangu ilikuwa na chumvi, tangawizi, moshi wa samaki. Yake ilikuwa kama kamba iliyoloweshwa maji. Na ilikuwa ya baridi, wakati yangu ilikuwa bado inafuka.

Tukabadilishana sahani. Alipoikaribia ile ya kwangu tu, kabla hajaigusa, ule moshi ukakatika kama mtu aliyevuta pumzi.

Tulijaribu kila kitu. Alikwenda kwa muuza sambusa za Batac, zile nyekundu zenye yai na soseji ndani, akarudi kashika moja mkononi, imeumwa mara moja tu. Alikwenda kwa bibi wa supu chungu ya mbuzi, ile yenye nyongo inayokunja uso wa mtu mzima. Akainywa bakuli zima kama maji ya mvua, na bibi yule, aliyemjua toka ujana, alijikaza asilie. Mashavu yakaanza kuingia ndani. Wateja wakawa wananiuliza, "Takyo anaumwa? Jana kaja kutengeneza cherehani, hata hakuuliza nimepika nini."

Kisha zikaja zile tabia. Takyo si mtu wa mkono wa kushoto. Siku moja mchana nikamwona kashika kijiko kwa kushoto, kakigonga mara mbili kwenye ukingo wa bakuli, kaligeuza bakuli kidogo, ndipo kaanza. Hayo nilikuwa nimeyaona kwenye harusi na matanga ya mtaa huu miaka yote. Ndivyo alivyokula Manong Crispulo.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nakula."

"Kwa mkono upi?"

Akautazama mkono wake kama mtu aliyekuta mgeni kalala kitandani mwake.

Nikaenda kwa mama mkwe. Yeye alikuwa uani anaanika mahindi, akanisikiliza bila kuinua kichwa.

"Kala kabla ya mwenyewe," akasema. "Sasa mwenyewe anakula kabla yake."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka ashibe. Mtoto wangu mjinga! Nilimwambia tangu mdogo, tumbo litakupeleka pasipo na watu." Akafuta mikono kwenye sketi. "Muulize anataka nini. Usimuulize Takyo. Muulize huyo mwingine."

Niulizeje? Mchana wa siku iliyofuata, Takyo akiwa ameinamia bakuli kwa kushoto, nilikaa mbele yake. Jua lilikuwa kali nje, watoto wa shule wanapita wakipiga kelele, na mimi ndani nimeshikilia ukingo wa meza.

"Manong," nikasema, "unatamani nini?"

Takyo hakuinua uso. Kisha akasema, taratibu, "Kile cheusi. Kinachoteleza. Kina ladha ya jiwe lililolambwa na bahari."

Halafu akainua macho, macho yake mwenyewe. "Umesema nini?"

Nilimpikia ngisi kwa wino wake. Akatikisa kichwa. Nikampikia mchuzi wa damu. Akatikisa kichwa. Mwishowe, asubuhi moja yenye upepo, aliamka, akavaa shati safi, akatoka bila mfuko wake wa vifaa. Nikamfuata na ndala miguuni.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui. Miguu inajua."

Pale barabarani alipanda basi la kaskazini bila kumuuliza kondakta. Mimi nikapanda nyuma yake. Tulipita Laoag, tukapita Bacarra, Pasuquin, tukaendelea. Takyo hakuwahi kufika huko, ninaapa. Hakuna cherehani ya huko inayomngoja. Lakini kila basi lilipokaribia kona aliegemea upande unaofaa kabla halijakata. Tulipofika Burgos, mahali ambapo miamba inaingia baharini na mawimbi yanapanda juu kama yanataka kuchungulia barabara, akagonga bati la basi. Tukashuka.

Kulikuwa na kibanda cha chakula, meza za mbao, bahari nyuma yake. Mwanamke mnene wa makamo, kitambaa kichwani, alikuwa ametupa mgongo, anakoroga sufuria. Takyo akakaa meza ya pembeni, ile iliyo karibu na miamba, akachukua kijiko kwenye kopo, akagonga ukingo wa meza mara mbili.

Yule mwanamke hakugeuka. "Umechelewa mno, Manong Pulo," akasema. "Nimekuwekea mpaka nimechoka. Nilidhani umepata mpishi mwingine."

Akageuka na bakuli mkononi, tabasamu limeshaanza. Akamwona Takyo. Akaniona mimi. Tabasamu likabaki pale pale, halina pa kwenda.

"Samahani," akasema. "Nilidhani ni mteja wangu."

Takyo alikuwa amenyoosha mikono kupokea bakuli. Mwanamke akampa, nadhani kwa sababu mikono yake ilishazoea kulipeleka hapo. Ndani mlikuwa na supu ya mwani mweusi, ule wanaoukwangua kwenye miamba msimu wa baridi mawimbi yakiwa makali, pamoja na nyanya na yai lililopigwa. Moshi ukapanda, ukakatika ghafla.

Takyo akaligeuza bakuli kidogo, akala. Alikula kwa kushoto, polepole, amefumba macho, machozi yanashuka mpaka kidevuni. Upepo ulikuwa ukipiga mabati, na mimi nilikuwa nikihesabu shanga za rozari mfukoni bila kusali, nazihesabu tu.

Alipomaliza alikilaza kijiko. Akasema, kwa sauti nyembamba ya mzee, sauti ambayo haikuwahi kutoka kwenye koo la mume wangu:

"Petang, tangawizi umezidisha."

Mwanamke yule akashika nguzo. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga, lakini mdomo ukajibu kwa mazoea, "Na wewe hukosi la kulalamika. Nani anakulazimisha kuja?"

Akasubiri. Bahari ikapiga miamba, na Takyo akajikuna shingo kwa mkono wa kulia, akatazama huku na huku.

"Nining, hapa wapi? Mbona nina njaa hivi?" Akanusa. "Mama, hapo una nini, samaki wa kuchoma?"

Petang alimletea samaki na wali. Takyo akamega, akaweka mdomoni, akasimama na chakula kikiwa bado mdomoni. "Chumvi!" akapiga kelele. "Nining! Chumvi! Ndimu! Ee Mungu wangu, huyu samaki kaliwa na moshi!" Alicheka na kulia, akala kama mtu aliyetoka gerezani, na mimi nikala vipande vilivyodondoka mezani ili nihakikishe. Vilikuwa na ladha. Vilikuwa vya moto.

Petang alikaa mbele yangu, akaukunja upindo wa aproni.

"Kafariki lini?"

Nikamwambia.

"Hakuna aliyenijulisha. Angenijulisha nani?" Akatazama bahari. "Usinifikirie vibaya, dada. Alikuwa analeta vitunguu saumu siku ya soko, anakula, analalamika, anaondoka. Basi. Alisema kwake hawali mwani."

Safari ya kurudi Takyo alilala begani mwangu, ananuka samaki. Mimi sikulala. Nilikuwa nawaza nimwambie nini Manang Felicing, au ninyamaze. Lakini nani angebeba kitu kama kile peke yake? Asubuhi nilivuka ua, nikamkuta anachagua mchele, nikamwambia yote, tangu keki ya atang mpaka tangawizi.

Vidole vyake viliendelea kutoa mawe.

"Daktari alimkataza chumvi," akasema mwishowe. "Nilimpikia bila chumvi miaka na miaka. Alikula kimya, akasema asante. Nikafikiri nimepata mume mtiifu." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Kumbe alikuwa na mahali pa kulalamikia."

"Manang, yule mama hakuwa na lolote naye."

"Najua. Pulo? Pulo alikuwa na haya hata ya kuomba maji." Akaweka ungo chini. "Mimi mwani unanitia kichefuchefu. Sikuwahi kuuruhusu uvuke kizingiti. Alikuwa anausema zamani, tulipooana, kisha akaacha kuusema. Nikadhani kausahau."

Baada ya wiki kadhaa, siku ya soko, akanijia amevaa nguo zake nyeusi, kashika mkoba. "Nipeleke."

Petang alimtambua kabla sijasema kitu. Hawakukumbatiana, hawakulia. Petang alimwonyesha meza ya pembeni, na pale juu palikuwa na bakuli la mwani limeshatengwa, hakuna aliyekaa.

"Toka mlipoondoka naliweka kila siku ya soko," akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za mvua. "Nikilionja baadaye, ni maji matupu. Nikiliweka meza nyingine, linabaki na ladha yake. Anakuja, Manang. Si mimi ninayemwita."

Tulisimama watatu tukalitazama. Ulikuwa mchana mweupe, kuna wateja wengine wanakula na kubishana habari za jogoo wa mapigano. Moshi wa bakuli lile ulikuwa unapanda, unayumba na upepo. Halafu haukuwepo tena. Haukupungua, uliondoka tu.

Nilirudi nyuma mpaka nikagonga benchi. Manang Felicing alisogea mbele. Alikaa kwenye kiti cha kuelekeana na kile kitupu, akachukua kijiko, akaonja.

"Hakuna kitu," akasema. Akaweka mikono mapajani. Sijui alikuwa anamwambia nini kimoyomoyo. Midomo ilikuwa inacheza. Kisha akamgeukia Petang.

"Niletee na mimi bakuli langu. Tia chumvi kama unavyomtilia yeye."

Akala mwani ule anaouchukia, uso umekunjamana, mpaka akakiona kitako cha bakuli. Wakati wote huo alikuwa anazungumza chini kwa chini na kile kiti, mara anamkemea, mara anamuuliza habari, na kuna mahali alinyamaza akasikiliza, kisha akatikisa kichwa akacheka.

Sasa huenda kila siku ya soko, na hunialika. Takyo naye hutaka twende, anasema samaki wa Petang ni dhambi kumkosa. Tunakwenda. Lakini mimi hukaa meza ya mbali, na sitii kitu mdomoni mpaka nione kila mtu mle kibandani ameanza kula.