Bila Mguu, Kabla ya Saa Mbili

4.
TANGAZO
Wananchi mnatangaziwa kuwa jiwe lililopo nyuma ya ghala la pamba litapasuliwa Jumatatu, saa 2:00 asubuhi, kupisha barabara. Wenye mbuzi, nguo za kuanika na shughuli nyinginezo juu ya jiwe hilo waziondoe mapema. Mnaombwa ushirikiano.

1.
Shughuli nyinginezo ni Holo. Fundi cherehani, miaka arobaini na mitatu, mwenye pikipiki isiyo na kiti. Kiti alikifungua mwenyewe, maana mchezo wake ni wa kusimama: unapanda jiwe polepole, injini inakoroma, na mguu wako usiguse chini. Basi. Hakuna refa, hakuna kikombe. Msomaji, usiniulize anashindana na nani.

2.
Jiwe, kuanzia chini:
Kisigino. Hata mbuzi anapanda.
Tumbo. Klachi kwa kidole kimoja.
Bega. Miaka minne sasa, kila Jumapili, hapa ndipo mguu wa Holo
Juu.

7.
Yaliyosikika dukani:
— Mama mzima anapanda mawe!
— Na gauni langu la ubatizo hajagusa.
— Mwacheni bwana. Kila ndege huruka na ubawa wake.

5.
Jumatatu, saa moja na nusu. Wapasuaji wamefika na mitaimbo. Holo yuko chini ya jiwe, kofia kichwani. Bundala, mdogo wa mumewe, ndiye aliyemfundisha.
"Shemeji, usiangalie tairi. Angalia unakokwenda."
"Nyamaza, Bundala."
Kisigino. Tumbo. Pikipiki ikasimama begani, ikayumba, ikayumba, ika

Juu!

Wapasuaji wakapiga makofi. Bundala akapiga vigelegele kama mama wa bwana harusi.

Holo akazima injini.

"Mguu," akasema.

5, tena.
Desturi yao wawili ni hii: aliyeweka mguu ndiye anayeutaja, hata ikiwa ni ncha ya kiatu.
"Aka! Nani kaona?" Bundala akafoka. "Mimi nilikuwa huku, sijaona kitu!"
"Nimeona mimi."
"Shemeji, jiwe lenyewe linaondoka leo. Sema umepanda, yaishe!"
Holo akalia. Alilia kwa hasira, makamasi na yote, mbele ya wanaume tisa asiowajua.

6.
Msimamizi wa wapasuaji, Mzee Sayi, akatazama saa yake. Saa mbili kasoro dakika sita.
"Sasa huyu analia nini? Si kafika?"
Bundala akamweleza. Mzee akasikiliza, akakuna shingo.
"Shuka, mama. Vijana wangu hawajanywa chai."
Vijana wakatazamana. Hakuna aliyekuja na chupa ya chai.

8.
Saa mbili na dakika tatu. Holo akafuta uso kwa mkono wa shati, akawasha. Mzee Sayi akavua kofia. Kisigino. Tumbo. Tairi la mbele likagusa bega na