Saa ya Mama ya Taa Mbili

Msinipe pole. Nimezisikia za kutosha, na kila anayenipa anaongeza kwamba nilimfanyia mama jambo kubwa. Kubwa lipi?

Mimi ni fundi redio. Macho ya mama yalipofifia, alibaki kuona vinavyowaka tu, na mwanga wa simu ulimchoma. Kuuliza saa kulimuudhi. "Nimekuwa ombaomba," alisema. Nikamletea saa inayotamka. Akanirudishia siku ileile. "Sitaki kufokewa na saa."

Basi, ili nimtengenezee saa ya mkononi, nikachomoa taa mbili za kioo kwenye mashine ya zamani ya kupimia umeme. Kila moja nene kama kidole cha mwisho, na ndani mna namba za waya zinazowaka rangi ya kaa la moto. Zinataka volti mia na sabini, nami nina betri ya volti tatu na ushee! Nikaunguza saketi mbili, nikamtukana aliyevumbua umeme, nikaanza upya. Betri isiishe upesi, nikaweka swichi ndani: ukiinua mkono hadi usoni, taa zinawaka, kwanza saa, halafu dakika. Na nikaipanga tunavyosema wenyewe, saa moja ya asubuhi iandike 1, si 7, mama asihangaike kuhesabu.

Swichi niliipima kwa mkono wangu. Mara ishirini, mkono wangu.

Alipoivaa alicheka hadi akakohoa. "Wenzangu wanavishwa dhahabu, mimi nimefungwa kiberiti!" Lakini kutwa nzima mkono juu. "Saa tano na dakika nane," anatangaza, wala hakuna aliyemuuliza.

Kisha akaugua, akawa wa kulala tu, kwa dada yangu. Jumanne nikamwambia, "Narudi saa kumi, mama. Utaiona mwenyewe."

Nikachelewa. Mteja mmoja alinibishia kuhusu spika, nami kwa hasira zangu hizi nikakataa kushindwa na mjinga.

Nilipofika, dada alikuwa mlangoni, mikono kichwani. Nikajua.

"Alikuwa anahangaika na mkono," akasema. "Anauinua kidogo, unaanguka. Nikadhani ni maumivu, nikawa naulaza. Nikamuuliza, mama, unataka nini? Akasema, hakuna."

Hakuna! Mama yangu na kiburi chake. Hakuwa na nguvu za kufikisha mkono pale nilipoitega swichi, na kuuliza hakutaka. Amekufa hajui kama nimechelewa au saa kumi bado.

Tukaingia ndani. Dada akauinua ule mkono ili afungue mkanda, na taa zikawaka. Zikaonyesha 11, halafu 20.

"Nimefika, mama," nikasema. "Nimechelewa. Nisamehe."

Baada ya sekunde tano zikazimika, kama nilivyozipanga.